Sauti ya Chiriku

Jumanne, saa nane na nusu mchana, tovuti ya mshonaji ilipokea barua pepe yake ya kwanza. Hakuna mtu aliyekuwa ameambiwa kwamba tovuti hiyo ipo.

Alikuwa ameiwasha mchana uleule, akifuata masomo ya mtandaoni: ukurasa wa kuagiza nguo, nafasi ya kujaza vipimo, na sanduku la barua. Seva alikodi ya pamoja, iliyo kama nyumba ya kupanga: mamia ya tovuti chini ya paa moja, kila moja na chumba chake, na jirani humjui. Sanduku alilipanga lipokee barua yenye jina lolote, ili mteja akikosea herufi asipotee. Kila barua ilijibiwa papo hapo, pamoja na sauti aliyoirekodi kwenye simu, ya binti yake wa miaka minne: "Karibu! Karibu ndani!"

Binti huyo walimwita Chiriku, kwa kuwa hata usingizini hakufunga mdomo.

Barua ilikuwa na neno moja tu: Hodi. Ilitumwa kwa anwani yenye jina la Chiriku. Mshonaji hakuwahi kuitengeneza anwani hiyo.

"Wifi, acha utani wako," alisema bila kugeuka.

Msusi, dada wa mumewe, aliyekuwa akitumia naye chumba kimoja cha kazi, aliinua mikono iliyojaa mafuta ya nywele. "Utani gani tena? Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

"Nani mwingine anamwita mtoto Chiriku?"

"Mtaa mzima! Mwenyewe si ndiye anayejitangaza?"

Walicheka, kisha mshonaji akageukia skrini. Jibu lilikuwa limeshakwenda.

Jioni sauti ya Chiriku ilikwaruza. Mama yake alimpa maji ya moto, akasema ni mafua.

Asubuhi sanduku lilikuwa limefurika. Hodi, hodi, hodi, zote kwa Chiriku, zote zimejibiwa. Katikati yake lilikuwamo agizo la gauni la mtoto: mabega, kifua, kiuno, urefu hadi magotini. Mshonaji alichukua futi yake akampima binti. Hakuna kipimo kilichopishana. Mtoto alisema kitu, na ikambidi mama ainame ili amsikie.

Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Umeunguza nini, wifi?"

"Pasi yangu ya nywele sijaiwasha tangu jana. Iguse."

Aliigusa. Ilikuwa baridi.

Alimpigia simu fundi wa kampuni ya seva. Fundi alitazama akaunti yake. "Dada, barua hizi hazikutoka nje. Zimeandikwa humohumo ndani ya akaunti yako. Nenosiri umempa nani?"

Alikuwa amempa mtu mmoja tu, amtunzie asije akalisahau. Alikata simu, akamtazama msusi. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanangu amekukosea nini?"

Msusi aliweka simu yake mezani, akavuta kiti, akakalia mikono yake miwili. "Haya. Nichunge."

Wakakaa hivyo, wakitazamana kama mashahidi wa kesi, na mtoto akiwa sakafuni kati yao, mpaka kompyuta ikalia, ikalia tena, na barua zikaanza kushuka moja juu ya nyingine huku mikono ya msusi ikiwa bado chini ya mapaja yake na machozi yakimtoka, na kila "Karibu ndani" iliyoondoka, Chiriku alimeza mate na kujishika koo, na harufu ya kuungua ikazidi, na cherehani, ambayo hakuna aliyekuwa karibu nayo, ikazungusha gurudumu lake mara moja, taratibu, ikasimama.

"Wifi," msusi alinong'ona, "nisimamishe. Miguu imekufa."

Alhamisi walimleta mganga. Hakuigusa kompyuta. Aliuliza swali moja: "Nani alimkaribisha?"

"Mashine," mshonaji alisema.

"Mashine haina ulimi. Ulimi wa nani?"

Mshonaji alifunika uso.

"Kila alipobisha mlimpa sauti ya mtoto, na yeye akaipokea. Aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza. Mtoto na aseme: Toka."

"Sema, mama," mshonaji alimbembeleza. "Sema tu, Toka. Nitakushonea gauni lolote utakalo."

Chiriku alifungua kinywa. Ulimi ulicheza. Hakuna kilichotoka. Mganga alikunja mkeka wake, akaondoka bila kuaga.

Usiku ule mshonaji alifuta rekodi, sanduku, na tovuti nzima. Ijumaa asubuhi fundi wa seva alithibitisha kwamba akaunti imefungwa na haina kitu.

Ijumaa hiyohiyo, saa kumi alasiri, mlango wa chumba cha kazi ulibishwa. Msusi alishika komeo, akasita.

"Hodi!" sauti ya mtoto iliita kutoka nje. "Mama, hodi! Nifungulie!"

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Chiriku alikuwa mapajani mwa mama yake, midomo imefumbwa, akiutazama mlango.