Kitanda Kilichoingia Maji

Sipendi kuieleza hii habari. Kila mwanamke akishika mimba katika hii ploti yetu ya Migori, lazima mtu aje na kiti chake mpaka mlangoni pangu, ati, "Magokoro, hebu tuambie ile ya Monari." Magokoro ni bibi kwa Kikisii, na bibi ana kazi. Maharagwe yangu hayajachambuliwa. Lakini nikikataa mtaenda kuiokota kwa wengine na mtaletewa uongo, kwa hivyo nyamazeni niimalize, na mwenye roho nyepesi aende kwake sasa hivi.

Monari alikuwa fundi seremala. Mikono mizuri, mdomo mwepesi. Mke wake Nyamoita alikuwa na mimba ya tatu, na wale wawili wa kwanza tuliwazika. Mmoja aliishi siku nne, mwingine hakulia hata mara moja. Mimi ndiye niliyewapokea wote wawili, maana tulikaa ukuta kwa ukuta. Ya tatu ilipofika mwezi wa nane, Nyamoita hakuwa amenunua hata soksi. Alisema nguo zitatafutwa mtoto akishalia. Huyo alikuwa na akili.

Monari naye alitaka kitanda. Alikuwa ametangaza kanisani kwamba mtoto wa fundi hatalala chini kama paka, na akishatangaza kitu huyo harudi nyuma. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mvua ya El Niño imeanza, na ubao mkavu ulikuwa hauonekani Migori yote. Wakati huo alikuwa anaweka madirisha ya nyumba fulani huko Muhuru Bay, kando ya ziwa. Akiwa ufuoni akaona boti ya mbao imepinduliwa, tumbo juu, imekaa peke yake. Wanawake wa omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wametandaza nyavu na kuanika kila mahali, isipokuwa hapo karibu nayo.

Watu wa ziwa, boti kwao ni kama mke. Ina jina, inaletwa ufuoni kwa chakula na nyimbo, ikiumia inauguzwa. Lakini ikiua mtu, wanaipindua na kuiacha ioze yenyewe. Hakuna anayekata hata kijiti cha kuwashia moto. Teresa, muuza samaki wa pale, alimwona Monari akigonga mbao zile kwa kidole, akamwita.

"Fundi, hiyo usiiangalie sana. Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Alizama nayo. Mimba yake ilikuwa imebakisha siku chache. Saa nane mchana, jua likiwaka. Wale wanaume wawili aliokuwa nao walirukia majerikeni wakaogelea, wakamwachia mkebe wa kuchotea maji."

Monari akacheka. Akamwambia yeye ni Msabato, hana habari na mapepo ya samaki. Kesho yake Teresa na wenzake walienda matangani, na ufuo ukabaki na mbwa. Monari akatoa msumeno. Alirudi Migori na mbao sita juu ya lori la samaki, akamwambia mke wake zimetoka Kisii.

Kitanda kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Kirefu, chembamba, kimepigwa randa mpaka ukipitisha shavu husikii mkwaruzo. Alikiweka sebuleni chini ya dirisha, na Nyamoita, ingawa hakutaka, akakitandika shuka.

Asubuhi shuka lilikuwa limelowa.

"Paa linavuja," Nyamoita akasema.

Monari akapanda juu, akatafuta tundu, hakuna. Sakafu ilikuwa kavu. Kuta zilikuwa kavu. Ndani ya kitanda tu, maji ya kina cha vidole viwili, na yalinuka omena iliyokosa jua. Nyamoita alilikamua shuka, akakuta magamba ya samaki yamemshika kwenye kucha. Alinionyesha. Nikamuuliza mume wake mbao hizi ni za wapi.

"Za Kisii, Magokoro. Kwani unataka risiti?"

Nikamwacha. Nilikosea.

Siku ya tatu sauti ikaanza. Haikungoja usiku kama majini ya watu wavivu. Ilikuja saa nane mchana, watoto wa shule wako darasani, redio ya kinyozi inaimba. Kruu, bati likikwaruza mbao. Halafu kimya kidogo. Halafu paa, maji yakimwagwa. Kruu. Paa. Niliisikia kupitia ukutani nikafikiri Nyamoita anafua. Naye akiwa jikoni akafikiri ni mimi. Tulikutana mlangoni, kila mmoja na mikono mikavu.

"Ni wewe?" akaninong'oneza.

"Si mimi."

"Na huko ndani ni nani?"

Sauti ikanyamaza kama mtu aliyesikia anatajwa. Nyamoita akashika tumbo. Akaniambia mtoto alikuwa anacheza tangu asubuhi, na sasa ameacha.

Ilienda hivyo wiki nzima. Kila saa nane, kruu, paa, mpaka jua kuzama, na muda huo wote mtoto hakucheza. Tumbo lenyewe likawa zito kupita kiasi, na Nyamoita akigeuka lilifanya mlio kama mtungi ambao haujajaa. Alimwomba Monari akitoe kile kitanda. Monari alisema wanawake wenye mimba husikia mambo, na saa nane yeye alikuwa karakana kila siku, kwa hivyo masikio yake yalikuwa salama.

Jumatatu Nyamoita alilala kidogo baada ya chakula, na alipoamka akataka kupita sebuleni aende nje, akasimama mlangoni, kwa sababu ndani ya kitanda cha mtoto wake kulikuwa kumeketi mwanamke, amempa mgongo, nywele zimemganda shingoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa unachota kwa mkebe na kumwaga nje, unachota na kumwaga, na yale maji yakianguka sakafuni hayakulowesha kitu, na Nyamoita alitaka kupiga kelele lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa ladha ya ziwa, na mwanamke yule bila kuacha kuchota akageuza uso polepole, uso mweupe uliovimba kama ugali uliomwagiwa maji, na tumbo lake lilikuwa kubwa kama la Nyamoita, na lenyewe ndilo lilikuwa linacheza.

"Nyaminwa," akamwambia. Hiyo ni dada yetu, kwa Kijaluo. "Nimechoka. Nipokee kidogo."

Akamnyooshea mkebe.

Nyamoita alifika kwangu akitambaa. Sikwenda kwa Monari. Nilienda dukani kwa Abdishakur, yule Msomali aliyekuwa anauza vitambaa karibu na msikiti, maana nilijua watu walimwendea kwa mambo haya, Wasabato na Wakatoliki pia, kwa mlango wa nyuma. Alinisikiliza akiendelea kupima kitambaa cha mteja.

"Mama, mimi ni mwenye duka," akasema. "Hii kazi sikuiomba."

"Na mimi sikuomba kuzika wa tatu."

Akakunja kitambaa. Kesho yake, saa saba na nusu, akaja. Nilikuwa nimetuma Monari aitwe, naye akaja na penseli yake sikioni, amekasirika kukuta kofia ya Kiislamu nyumbani kwake. Kabla hajafungua mdomo Nyamoita akapatwa na uchungu. Kupelekwa hospitali haikuwezekana, daraja la upande wa hospitali lilikuwa limefunikwa na maji tangu Jumapili. Nikatandika godoro sebuleni, nikafunga kanga kiunoni.

Saa nane ikagonga kwenye redio ya kinyozi. Nyamoita akainuka.

Nilimshika na akanitupa kama kitambaa. Akapiga magoti kando ya kile kitanda, akaingiza mikono, na mikono ikaanza kuchota hewa na kumwaga, na tulisikia bati, kruu, ingawa hakuwa ameshika kitu. Abdishakur akasoma karibu na sikio lake, sauti ya chini, kama anayemsemesha mtoto wa mtu. Alisoma mpaka jasho likamlowesha kola. Ndipo ikajibu, kwa mdomo wa Nyamoita, lakini sauti haikuwa yake.

"Usinisumbue. Boti inaingia maji."

"Wewe si marehemu," Abdishakur akasema. "Marehemu amelala. Wewe ni jini la maji, umemvaa yeye kama kanga. Unataka nini kwa huyu mama?"

"Mtu wa kuchota. Nilikuwa nimetulia kwenye mchanga. Nimetolewa, maji yameanza tena."

"Nani amekutoa?"

Monari alikuwa ameegemea mlango.

"Mbao ni za Kisii," akasema.

Nyamoita akatapika. Yalikuwa maji matupu, ya kijani, na ndani yake omena tatu zilizo hai, zikirukaruka kwenye saruji. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, na nikaona kichwa cha mtoto kinatokeza, nywele kabisa, halafu kinarudi ndani kama mtu aliyechungulia akaona wageni asiowapenda.

"Nauliza tena," Abdishakur akasema. "Nani?"

"Si ni huyu alitaka kitanda?" Monari akasema haraka. "Mimi ningeleta mbao za nini? Mwanamke mwenye mimba akitaka kitu, utamkatalia?"

Jini likacheka. Lilicheka kwa kinywa cha mke wake, hali machozi ya mke wake yanashuka.

"Sawa," likasema. "Basi yeye achote."

Na mikono yake ikaongeza kasi. Nyamoita alianza kuzama pale, mbele yetu, juu ya saruji kavu, akivuta pumzi na kupata maji, midomo ikigeuka rangi ya majivu, na kila mara mikono ilipolegea yale maji yalimpanda zaidi kifuani, tuliyasikia yakipanda, na kichwa cha mtoto kikatokeza mara ya pili kikarudi, kikatokeza mara ya tatu kikarudi, na safari hii ya tatu kilikuwa baridi kwenye kiganja changu.

Nikainuka, nikamzaba Monari kofi mpaka penseli ikaruka.

"Kimerudi mara tatu," nikamwambia. "Ya nne sitaisubiri. Sema, au nenda nje uchimbe shimo. Na uchimbe refu, maana safari hii ni la watu wawili."

Aliangalia kitanda. Aliangalia mke wake. Mimi nilimwona akipiga hesabu, na sitamsamehe huo muda.

"Ni mimi," akasema. "Nilizikata wakiwa matangani. Niliambiwa, na nikazikata. Yeye hakujua."

Mikono ya Nyamoita ikaanguka. Kwenye kona ya kitanda, ambapo hapakuwa na kitu, sasa palikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, umeliwa na kutu.

"Likikuuliza neno," Abdishakur akamnong'oneza Monari, "usijibu haraka. Nipe nafasi niliongeleshe mimi."

Lakini ile sauti ilikuwa imeshatoka kitandani kwenyewe, kwenye mbao.

"Utachota mpaka lini?"

"Mpaka mtoto awe salama," Monari akasema.

Abdishakur akafumba macho.

Monari akachukua mkebe, akachota. Safari hii maji yalikuwepo, yalimwagika yakatulowesha miguu. Nyamoita akakohoa, akavuta pumzi ya kweli, akaniangukia. Sikuhitaji kumwambia asukume. Msichana akatoka na kelele za kutosha mtaa mzima. Monari aliposikia mtoto analia, akacheka, akatupa mkebe chini, akanyoosha mikono apewe.

Mtoto akanyamaza. Maji yakamtoka puani.

"Chukua," Abdishakur akamwambia. "Chukua upesi."

Akauchukua. Kruu, paa. Mtoto akalia tena. Hivyo hivyo mpaka jua likazama, na lilipozama maji yakakauka yenyewe, na mikono ya Monari ikawa imevimba kama mikate.

"Zirudishe mbao zake zote, mpaka vumbi la randa," Abdishakur akasema. "Jini litatoka hapa na hizo mbao. Na wewe utatoka nazo. Umejifunga mwenyewe kwa mdomo wako."

"Kwa siku ngapi?"

"Ulisema mpaka awe salama. Waulize hawa akina mama ni siku gani hiyo."

Mimi nilikuwa namfunga mtoto kwenye kanga, nikaendelea.

Aliondoka alfajiri na lori la samaki, na kitanda kimevunjwavunjwa, na msichana wake hakuwa amemgusa hata kwa kidole. Alizigongomea zile mbao mahali pake, akaigeuza boti. Teresa akija huku kuuza hutueleza. Anasema kila siku ikifika saa nane fundi huacha chochote, huingia ndani ya ile boti iliyo nchi kavu, huchota na kumwaga mpaka jua lizame, na mchanga chini yake haukauki. Vidole havikunjuki tena, hawezi kushika randa wala kijiko. Siku moja alichelewa kidogo tu, amelewa usingizi, na huku Migori mtoto alitapika omena. Hakuchelewa tena.

Katika nyumba ile hakijasikika kitu tangu hapo. Msichana ana miaka miwili, ana meno, ana kichwa kigumu.

Mwezi uliopita Monari alituma neno na dereva wa lori. Anauliza kama mtoto bado hajawa salama, na kama Nyamoita anaweza kuja ufuoni atamke kwamba sasa yuko salama, kwa sauti, mbele ya boti. Nyamoita alisimama hapa mlangoni pangu akimwangalia mtoto wake, ambaye alikuwa amepanda ukuta wa choo bila viatu, anakula ndizi aliyoiokota. Halafu akaingia jikoni, akatoa mkebe mpya, akaufuta vizuri kwa kanga, akampa dereva ampelekee.