Gunia la Shimo la Saba

Gunia lilikuwa linatoka jasho. Mpima mizani alilipangusa kwa kitambaa, akageuka kuandika, na alipotazama tena maji yalikuwa yanatiririka sakafuni, mchana wa jua kali, ndani ya ghala lenye paa zima.

"Mawe hayatoki jasho," alimwambia msimamizi kwa sauti ya chini.

"Bandika lebo, shemeji. Kiwanda kinasubiri."

Msimamizi alimwita shemeji kwa kuwa alikuwa rafiki wa mume wa mpima mizani tangu ujana. Na kweli kiwanda kilikuwa kinasubiri. Tangu meli za ng'ambo ziache kuleta madini ya betri, kilitegemea jiwe la mlima huu peke yake, na kila gunia lilipaswa kuonyesha shimo lilikotoka. Mpima mizani aliandika alichoambiwa: shimo la tatu.

Jioni mumewe, mchimbaji, hakugusa chakula. Alikwaruza meza kwa kucha, kwaru, kwaru, kama mtu anayetafuta pa kutokea.

"Baba Mapacha, umepatwa na nini?"

"Lile gunia si la shimo la tatu," alinong'ona. "Ni la saba. Msimamizi alitufungulia jana."

Shimo la saba lilizibwa kabla hawajaoana, baada ya wachimbaji kusikia kule chini, ambako hakuna aliyewahi kufika, mtu akigonga kuwajibu. Mke alimshika mume mkono, ukawa baridi kama jiwe la mtoni, na sauti iliyomtoka mume kinywani haikuwa yake.

"Umeniandika mtoto wa nyumba nisiyoijua."

Asubuhi akaitwa shangazi wa mume, mganga asiyependa maneno mengi. Alimnusa mgonjwa shingoni, akasema, "Huyu jini ana kwao. Mrudisheni, na mumtaje kwa ukweli."

Wakalitoa gunia ghalani kwa mkokoteni, mpima mizani akivuta, shangazi akisukuma, mume akiburuta miguu pembeni, na kadiri walivyolikaribia shimo ndivyo mzigo ulivyozidi uzito, magurudumu yakazama, harufu ya udongo mbichi ikawajaa puani mpaka kooni, na ndani ya gunia kukawa na mkwaruzo uleule wa mezani, huku kutoka shimoni kitu kikigonga, kikinyamaza kama kinachosikiliza, kikagonga tena, karibu zaidi, mpaka shangazi mwenyewe akaanza kurudi kinyumenyume. Mpima mizani aliichana lebo, akaandika nyingine, shimo la saba, akaisoma kwa sauti. Wakalisukumia gunia ndani. Hawakusikia likitua.

Mume alikaa chini, akaomba maji, akauliza kama watoto wamekula.

Mke akaenda moja kwa moja ghalani. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni.

"Shimo lile lizibwe leo," alimwambia. "Na nitakwenda kiwandani mwenyewe, niwaambie nimewadanganya. Kazi ikiponyoka, iponyoke."

Msimamizi hakukasirika. Alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mliyemrudisha ni mtoto," alisema, kwa sauti ambayo mpima mizani aliisikia mezani kwake jana. "Hapendi safari. Sisi wakubwa tunapenda, na kiwanda kimeomba malori ishirini."