Betri Iliyosajiliwa kwa Jina la Amira

Jambo la kwanza halikumtisha Mwasiti. Lilimfurahisha. Alfajiri moja, alipomaliza kuswali, aliitupia jicho betri ya sola iliyokaa pembeni ya kitanda cha mwanawe, akakuta taa zake zote za kijani zinawaka. Imejaa pomoni. Jana yake mvua ilikuwa imeinyeshea Kahama kutwa nzima, paneli haikutolewa nje hata kidogo, ilikuwa imekunjwa juu ya kabati, na betri yenyewe aliiacha karibu na kuisha. Mwanamke mwenye mtoto wa pumu haulizi umeme umetoka wapi, anashukuru tu. Mwasiti akasema alhamdulillah, akaenda kubandika chai.

Mtoto mwenyewe ni Amira, wa darasa la kwanza, mtoto pekee wa nyumba ile. Kifua chake na vumbi la Kahama havikupatana tangu akiwa ananyonya. Kifua kikibana huwekewa dawa kwenye mashine ya mvuke, akavuta kwa kibomba cha puani mpaka pumzi irudi, na mashine ile hutaka umeme. Umeme nao ukitaka kuondoka hauagi. Ndiyo maana Nuruddin, mume wa Mwasiti, dalali wa mawe ya dhahabu anayeshinda kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe, alipopata betri kubwa ya sola ya mtumba kwa bei ya kutupa, aliileta nyumbani anacheka peke yake. Aliyemuuzia ni mchimbaji mmoja wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya upande wa Bugarama, akiitwa Chacha. Mali ya mwenzangu Januari, alisema Chacha, amesafiri. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini nani humkumbusha msemo mtu aliyekwisha kulipa?

Betri ilikuwa na maringo. Haikuwa na swichi ya kubonyeza ikawaka kama vitu vya watu wenye adabu. Ilitaka simu, na simu ilitaka programu yake, na programu ilitaka bando, jina, na picha ya uso wa mwenyewe. Bila hayo ni jiwe.

"Yaani kitu ninunue mimi, kisha nikipigie magoti kinipe ruhusa?" Mwasiti alilalamika siku ile. "Na bando likiisha mtoto amebanwa, nifanyeje?"

"Mama Amira, hiyo ndiyo teknolojia," Nuruddin alimjibu, kichwa kimeinamia simu.

Sasa, watu wa dhahabu wana mila yao. Duara jipya, karasha jipya, hata genge la nyanya, huandikwa jina la mtoto, kwa kuwa nyota ya mtoto ni safi, haijakanyagwa na mtu. Nuruddin alipoulizwa na simu jina la mmiliki, hakufikiri mara mbili. Aliandika Amira. Akampiga picha ya uso, mtoto anacheka na pengo lake. Mwisho yakaja masharti, marefu kuliko foleni ya sukari, naye akayapitisha kwa kidole gumba hadi chini, akabonyeza Kubali. Kila mtu hufanya hivyo.

Tangu hapo betri haikuisha tena. Juu ya meza ya chumba kile ilikaa kama mgeni aliyeshiba. Lakini kila magharibi feni yake ndogo ilianza kunguruma yenyewe, na ikinguruma, chumba kilinuka udongo mbichi wa shimoni, udongo wenye baruti ndani yake, wakati nje ni kukavu na madirisha yamefungwa. Kisha ikaja nyundo. Ngo. Ngo. Kama mtu anayegonga mwamba mbali sana, chini ya sakafu. Mwasiti alimuuliza jirani kama wanajenga, jirani akamshangaa.

Na Amira alikuwa anapungua. Aliyekuwa akikimbiza kuku uani sasa alikaa kizingitini anawatazama. Alilala darasani. Midomo ilipauka. Hospitali walimpima, wakasema damu imeshuka, wakampa dawa za kuongeza, naye akazinywa bila kubisha, na kila alfajiri aliamka mchovu kuliko alivyolala, na kila alfajiri betri ilikuwa imejaa.

Mwasiti aliliona jambo lenyewe jioni moja ya mvua, umeme umekatika tangu adhuhuri. Amira alikuwa amelala mapema mno, jasho jembamba kwenye paji la uso. Mwasiti alifungua programu aangalie kama betri itatosha kwa mashine. Juu kabisa paliandikwa: Inachajiwa.

Alitazama juu ya kabati. Paneli ilikuwa palepale, imekunjwa, ina vumbi.

Chini ya neno lile palikuwa na mstari mwembamba wa kijani uliopanda na kushuka, ukapanda, ukashuka, taratibu, na Mwasiti aliutazama bila kuuelewa mpaka sikio lake likamwambia kabla ya jicho, kwamba kila mstari unapopanda ni Amira anavuta pumzi, na unaposhuka ni Amira anaiachia, na mtoto alipokohoa mstari uliruka, na alipotulia ukatulia, na asilimia pembeni yake ikaongezeka moja. Akabonyeza palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa mashine ya mvuke. Cha pili kilikuwa Amira.

Hakupiga kelele. Alishika kitufe cha kuizima betri pale kwenye programu, akakibana kwa nguvu zote, na skrini ikauliza: Una hakika unataka kumtenganisha mmiliki? Akabonyeza ndiyo. Pale pale Amira alifumbua macho, akafungua mdomo, na hakuna kitu kilichoingia wala kutoka. Kifua kilisimama, shingo ikavimba mishipa, vidole vikashika hewa, na Mwasiti, aliyeiona mibano mingi ya pumu, alijua huu si mbano, hii ni pumzi iliyochukuliwa, akaiwasha betri tena huku analia, na mtoto akavuta hewa kwa mlio mrefu wa kukwaruza. Feni ikanguruma. Harufu ya shimoni ikajaa chumba kizima.

Nuruddin aliporudi alimkuta mkewe amekaa sakafuni baina ya kitanda na betri. Alipoelezwa alitaka kucheka, kisha akauona mstari, akaona na kifua cha mwanawe, na kicheko kikamfia. Akampigia Chacha palepale, akaweka sauti ya nje.

"Huyo Januari amesafiri kwenda wapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

Chacha alisikika akisogea mbali na watu. "Kaka, Januari yuko chini. Duara lilimfunika."

"Na betri?"

"Ilikuwa chini naye, anawashia taa na pampu ya maji. Alikuwa na mwenzake wa shimoni, mnaelewa? Hawa majini wenye dhahabu yao. Alikuwa anampa mbuzi, akapata mawe kweli kweli. Halafu yule akasema mbuzi basi, anataka mtu. Januari akakataa. Siku ya pili duara likaanguka. Tulivuta kamba kumtafuta mwenzetu, ikapanda betri, imejaa, haina hata mchubuko." Sauti yake ilishuka. "Nilidhani yule amebaki chini na mtu wake. Naapa. Mliisajili kwa jina la nani?"

Nuruddin aligeuka kumtazama Amira.

"Kaka? Jina la nani?"

"La mtoto," alisema Mwasiti.

"Mayo wee," alisema Chacha, na simu ikakatika. Hakupokea tena.

Kesho yake baada ya alasiri walimleta Abdulshakur. Kahama inamjua kwa kazi mbili: mchana anatengeneza simu kwenye kibanda chake karibu na soko, na akiitwa huwasomea watu wenye mashetani. Ni mtu mpole, mnene, anayependa utani, lakini alipovuka kizingiti cha chumba kile utani ulimwisha. Aliuliza tu maji ya kutawadha. Kisha akakaa mbele ya betri, akaweka mkono kwenye paji la uso la Amira, akaanza kusoma.

Alisoma kwa sauti ya chini, kisha ya juu, na feni ikasimama, nyundo ikasimama, hata mbwa wa jirani wakanyamaza, na Mwasiti akaanza kuamini. Ndipo simu iliyokuwa juu ya meza ikawaka yenyewe. Programu ile ilikuwa na sauti ya kike iliyorekodiwa ya kutangaza asilimia. Iliyotoka sasa haikuwa ya kike. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye vumbi kooni.

"Shehe, unachoka bure. Mimi si mwizi. Nimekaribishwa kwa jina, kwa sura na kwa kidole cha baba. Nilianza kupiga hodi, nikaambiwa Kubali. Nani humu ndani alikataa?"

Nuruddin aliziba uso kwa viganja.

Abdulshakur alijifuta jasho. Aliwavuta wazazi ukumbini, akasema kwa kunong'ona, "Nimewatoa wengi walioingia kwa dirisha. Huyu amefunguliwa mlango mkubwa. Nikimvuta kwa nguvu anatoka na mtoto."

"Kwa hiyo tukae tumtazame anaisha?" Mwasiti aliuliza.

"Kuna kuhamisha umiliki. Hata betri za kawaida huhamishwa. Akihamia kwa mtu mzima, mtu mzima ana swala yake, ana funga yake, ana nguvu za kupigana. Mimi nitasimama naye. Mtoto hana."

"Niandike mimi," Nuruddin alisema haraka. "Mimi ndiye niliyeharibu."

Walirudi chumbani. Nuruddin alifungua pale pa kuhamisha, akaandika jina lake, akaleta uso mbele ya kamera. Simu ilitafakari, kisha ikajibu kwa maandishi mekundu: Aliyetoa hapokei. Alijaribu tena, ikajibu vilevile. Akaanza kuipigapiga simu kwa kiganja, analia waziwazi. Kitandani Amira alikuwa anapiga mluzi kifuani, midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu.

Mwasiti aliichukua simu mkononi mwa mumewe. Hakumsukuma wala kumlaumu. Aliandika jina lake, akatazama kamera, na masharti yakafunguka. Yeye aliyasoma. Aliyasoma yote, mstari kwa mstari, huku mluzi wa mwanawe ukizidi kuwa mwembamba, kwa sababu aliapa hakuna mtu wa nyumba ile atakayekubali tena asichokijua. Betri isiloweshwe. Betri isiwekwe juani bila kivuli. Na katikati ya hayo, kwa herufi zilezile, bila kelele: Mmiliki anajitoa yeye na kila kilicho hai ndani yake.

Ni roho yangu na damu yangu, alijiambia. Nimeshaelewa. Akamtazama Amira, akampenda kwa mwili wake wote, akabonyeza Kubali.

Mluzi ulikatika. Amira alivuta pumzi moja ndefu, ya mtoto aliyetoka kuogelea, kisha nyingine. Wekundu ulipanda midomoni mwake. Akakaa, akawatazama wale watu wazima wanaomlilia, akasema, "Mama, nina njaa. Kuna maandazi?"

Nuruddin alimbeba hadi jikoni, anacheka na kulia kwa pamoja, anamwita kwa majina yote ya kudekeza. Abdulshakur aliinama kusujudu palepale sakafuni. Mwasiti alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni, lakini hakujali, alikuwa ameitarajia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akang'oa plagi ya mashine ya mvuke kwenye betri, akaitupa chini. Mtoto hataihitaji leo.

Simu ikawaka kwenye mapaja yake.

Karibu, Mwasiti. Vifaa vilivyounganishwa: viwili.

Alitazama plagi iliyolala sakafuni, akatazama tena skrini. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina lake, ukipanda na kushuka na pumzi yake mwenyewe. Wa pili haukuwa na jina. Ulikuwa mdogo sana, mwembamba kama uzi, na ulipiga mbio mbio, mara mbili ya mapigo ya moyo wake. Ndipo alipokumbuka kwamba hajaziona siku zake mwezi huu wala uliopita, na kwamba alisingizia mawazo na kukosa usingizi. Mkono wake ulishuka wenyewe hadi tumboni, ukatulia pale.

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Amira akicheka.

"Kifaa cha pili bado hakina jina," ilisema sauti yenye vumbi, kwa upole kabisa. "Tutasubiri."