Pamba Iliyolowa

Mwenye glavu alipinda kushoto.

Shemeji naye akapinda kushoto.

Ukumbi wa chini wa hoteli ulijaa watu wa mkutano, kila mmoja na beji kifuani na kikombe cha kahawa mkononi. Mwenye glavu aliwapenya bila kumgusa mtu, mkoba mweusi umebanwa kwapani. Hakukimbia. Aliyebeba kifo cha mwenzake hana haja ya kukimbia.

Lifti ikafunguka. Akaingia. Ikajifunga.

"Anapanda," Shemeji alinong'ona kwenye kola yake.

"Ghorofa ya saba," sauti ya Mama ikajibu sikioni. "Mkaguzi yuko chumba cha mapumziko. Kikao kinaanza saa nane."

"Simu yake?"

"Kaizima tangu jana. Anaogopa kufuatiliwa."

"Walinzi wake?"

"Wawili. Mmoja kanunuliwa, hatujui ni yupi. Usimwambie mtu kitu. Panda."

"Fundi anaendeleaje?"



"Panda, Shemeji."

Akaingia lifti ya pili.

Idarani, kati ya wapelelezi wenzake, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hilo la Shemeji lililetwa na Fundi, mdogo wa mkewe, muuza sigara za umeme, ambaye kila akipita getini aliuliza, "Shemeji yangu yupo?" Aliuliza hivyo mpaka walinzi wakalidaka, madereva wakalidaka, na mwisho Mama mwenyewe, mkuu wa Idara, mwanamke asiyejua mzaha, akalidaka pia.

Sasa Fundi alikuwa kitandani hospitalini, midomo imekuwa ya buluu.

Jana mchana mwenye glavu aliingia dukani kwake. Alikuwa na kifaa kizuri cha sigara ya umeme, kizito, kina tangi kubwa la kioo, na kichupa cha kimiminika. Ubavuni kimechongwa: *Kwa Mkaguzi, kwa utumishi uliotukuka.* Genge lake lilikuwa limepanga kila kitu ili Mkaguzi asifike kikaoni kuwataja. Ratiba ya kikao walikuwa nayo. Mlinzi wa kununua walimpata. Sumu waliipata. Kuvuta ndiko hawakukujua. Walinunua koili, kile kiini kinachochemsha kimiminika, ya kwanza waliyoiona, wakidhani koili ni koili, ikagoma kuingia kwenye tangi.

Fundi akawatafutia inayoingia. Akailowesha, akakimimina kichupa chote kwenye tangi, akasubiri. Halafu akafanya alivyomfanyia kila mteja tangu afungue duka: akavuta pumzi moja kuhakikisha inafanya kazi, ndipo akamkabidhi mwenyewe.

Kabla ya magharibi alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

Daktari alisema waziwazi. "Tukijua ni sumu gani, kuna dawa ya kujaribu. Bila hivyo tunapapasa gizani. Nileteeni hata tone."

Tone hilo lilikuwa mkobani mwa mtu mmoja tu.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, Shemeji alikaa pembeni ya kitanda. Mkewe alikuwa upande wa pili, ameushika mguu wa mdogo wake juu ya shuka.

"Nifundishe," Shemeji alisema. "Nitaingia kama fundi wako."

Fundi akasogeza kinyago cha hewa. "Makubwa haya. Mtu wa bastola hujui koili?"

"Acha kuongea, utachoka," dada yake akamkemea.

"Dada, mteja kaja mwenyewe, nimfukuze?" Akavuta hewa. "Sikiliza, shemeji. Kuna kuvuta kwa mdomo na kuvuta kwa kifua. Kwa mdomo ni kama sigara ya kawaida: moshi unakaa mdomoni kwanza, ndipo unaushusha. Hiyo inataka tangi jembamba, tundu dogo la hewa, koili yenye ukinzani wa omu moja kwenda juu. Moto wake mdogo."

"Na kwa kifua?"

"Moja kwa moja mpaka mapafuni. Tangi pana, tundu kubwa, koili ya chini ya omu moja. Namba ikishuka, moto unapanda. Usizichanganye, kila mlango na ufunguo wake. Mkaguzi ni wa mdomo, nimemuona kwenye televisheni na kipeni chake, sigara ya umeme ya umbo la kalamu. Hawa wamempelekea la kifua ili ameze nyingi kwa pumzi moja."

Akakohoa mpaka mashine ikapiga kelele. Muuguzi akaja, akaondoka.

"Ndani ya koili kuna pamba," aliendelea, sauti imekuwa nyembamba. "Pamba ndiyo inayokunywa. Koili mpya ukiiwasha kabla haijalowa, pamba inaungua, mteja anavuta moshi wa gunia. Lakini ikishanywa, shemeji, haitemi kirahisi."

"Kwa nini ulionja?"

Fundi akatabasamu. "Mazoea yana taabu."

Mkewe Shemeji akainua macho. Hakulia. "Lete hilo tone," alisema. "Mengine nitakuuliza baadaye."

Lifti ikafunguka ghorofa ya saba.

Walinzi wawili mlangoni. Shemeji akainua kifuko cha zana cha Fundi, bisibisi ndogo zinagongana ndani.

"Fundi wa vepu, hizi sigara za umeme. Kuna kifaa kimeletwa cha zawadi, nimekuja kukirekebisha."

Walimpapasa kiunoni na kwapani, wakampisha. Bastola yake, Glock, ilikuwa imebaki garini.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene mwenye uso wa upole, amekaa kwenye kochi dirishani. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Mwenye glavu alisimama mbele yake ameinama kidogo, kama mhudumu anayesubiri shukrani.

Kifaa kilikuwa tayari mkononi mwa Mkaguzi. Kilikuwa kinapanda mdomoni.

"Mzee, ngoja!"

Kikasimama hewani.

"Wewe nani?"

"Fundi, mzee. Unavuta kwa mdomo au kwa kifua?"

"Kwani mimi nina midomo mingapi?" Mkaguzi akacheka. "Kuna tofauti?"

"Kubwa. Kipeni chako ni cha mdomo. Hicho ni cha kifua, koili yake ina moto wa kuchomea vyuma. Ukikivuta ulivyozoea, utakohoa mpaka kikao kiahirishwe."

"Ala!"

"Na dukani kwetu kuna desturi. Anayekabidhi huonja kwanza." Shemeji akamgeukia mwenye glavu. "Karibu, bosi. Mwonjee mzee."

Mwenye glavu hakusogea. "Mimi sivuti."

"Jana dukani ulisema unavuta tangu shule."

Mvua ilisikika vizuri sasa.

Mkaguzi akakitazama kifaa. Akamtazama aliyekileta. Taratibu, kama mtu anayeshika yai lililopasuka, akakiweka mezani.

Mkono wa glavu ukaingia kotini.

Shemeji akarusha kifuko cha zana. Kikamgonga usoni, risasi ikatoka, dirisha likamwagika chini. Shemeji akamwingia kiunoni kwa bega. Bastola ikateleza chini ya kochi. Lakini yule bwana alikuwa amesomea kazi yake: badala ya kuifuata bastola, alikinyakua kifaa mezani akakitupa nje, kwenye mvua, ghorofa saba chini.

"Hapana!"

Mlango ukapigwa teke. Mlinzi mmoja aliingia na bastola mkononi. Wa pili aligeuka akatimka kuelekea ngazini, na hivyo ndivyo aliyenunuliwa alivyojulikana.

Shemeji alimkandamiza mwenye glavu sakafuni, goti mgongoni. "Sumu gani? Sema! Sumu gani?"

"Mimi mbebaji tu," yule alisema, damu puani. "Unafikiri mbebaji huambiwa?"

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Shemeji akamkabidhi kwa mlinzi, akashuka ngazi tatu tatu.

Kifaa kilikuwa kimeangukia maegesho, kati ya Toyota mbili. Kioo cha tangi kilikuwa unga. Kimiminika chote kilikuwa kimekwenda na maji, mtaroni, baharini, kusikojulikana. Shemeji alipiga magoti kwenye dimbwi akapapasa kwa vidole.

Kitako cha chuma. Bado kizima.

Akakifungua kwa kukizungusha. Koili ikatoka na ganda lake. Akaigeuza kwenye mwanga: kwenye vitundu vya pembeni pamba ilikuwa imevimba, nzito, imejaa.

Ikishanywa, haitemi kirahisi.

Akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akauweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

"Mama! Mkaguzi yuko salama. Mwenye glavu kakamatwa. Tangi limepasuka lakini koili ninayo, pamba imelowa. Mwambie daktari ataikamua. Niandalie pikipiki."

Akainuka dimbwini, akaangaza macho getini.

"Mama, umenisikia? Pikipiki!"

"Nimekusikia." Sauti yake ilishuka. "Njoo taratibu, Shemeji."

Mvua ilimwingia kwenye kola. Hakuipangusa.

"Fundi katutoka lini?"

"Ulipokuwa kwenye lifti."

"Ulijua."

"Ningekuambia, ungeshuka. Na Mkaguzi angevuta."

Shemeji alitaka kumtukana. Lakini alichosema Mama kilikuwa kweli. Angeshuka.

"Mke wangu?"

"Yuko nje ya chumba, kwenye benchi. Pazia limefungwa. Niliwaambia wasiseme mpaka umalize."

Akakichomoa kifaa cha sikioni akakidondosha mtaroni.

Juu, kwenye dirisha lililovunjika, Mkaguzi alikuwa anawasha kipeni chake. Kipeni kilikosa mdomo mara mbili. Baadaye angeingia kikaoni, angetaja makontena ya silaha na waliokuwa wakiyapitisha, na gazeti lingemwita shujaa.

Simu ya mfukoni ikaita. Mkewe.

"Umeipata?"

Alishika koti lake pale ilipokuwa koili. Ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi.

"Nimeipata."

"Nilijua! Nilimwambia, shemeji yako hashindwi." Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Hawaniruhusu kuingia, eti wanambadilisha shuka. Fanya haraka basi!"

"Nakuja."

Akakata. Akafunga kifungo cha koti, akainyoosha tai iliyolowa.

Ving'ora vilikuwa vinaingia getini. Watu wa mkutano walikimbia huku na huku, magazeti juu ya vichwa. Shemeji alipita katikati yao akatoka mpaka barabarani, akizihesabu hatua zake kama mtu asiyesubiriwa popote.

Hakukimbia.