Kiu Kwenye Udongo Uliolowa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nilimwagilia miche kumi na miwili ya nyanya nyuma ya jikoni. Mama aliipanda siku chache kabla ya kufariki, na baba alinikabidhi mimi niitunze.

Siku moja nilitaka ikue chapuchapu. Mama alikuwa akipima mbolea ya chumvichumvi kwa kizibo cha soda, kimoja kwa kila shina. Mimi nilimwaga konzi nzima kwa kila shina, nikamwagilia, nikaenda zangu.

Niliporudi, majani yalikuwa yamelala, kingo zimebabuka. Udongo bado umelowa. Mdogo wangu wa miaka sita alisimama pale.

"Dada, mama ametukasirikia?"

Nilijua ukweli. Nikajibu, "Labda."

Tangu hapo hakukanyaga tena nyuma ya jikoni. Akila, macho yake hayakubanduka mlangoni. Nami, kila upepo ulipopitia majani yale makavu, nilisikia ndala za mama zikiburuzika.

Siku ya tatu akaja mama mdogo, ambaye ni afisa kilimo. Alichomeka kidole kwenye udongo. "Maji tele! Mbona inakufa kwa kiu?"

"Ni mama," mdogo wangu alinong'ona. "Amekasirika."

Mama mdogo aligeuka. "Nani kakwambia hivyo?"

Nilishindwa kuvumilia. "Ni mimi, mama mdogo. Nilizidisha mbolea, nikamwacha aamini ni mama."

Hakunigombeza. Tulikwangua mbolea iliyobaki, tukamwaga ndoo baada ya ndoo za maji safi ili kuiondoa chumvi.

"Kila seli ya mzizi ina utando mwembamba," alieleza. "Kwenye utando huo kuna protini zilizo kama milango. Mingine hupitisha maji, mingine huchagua chumvichumvi unazohitaji mmea. Chumvi ikizidi nje, maji hutoka kupitia milango ileile yaliyoingilia. Mmea unakauka huku umesimama majini."

Baada ya wiki, mashina saba yalichipua. Matano tuliyang'oa. Nikamwomba mdogo wangu msamaha.

"Kwa hiyo mama hakuja?" aliuliza.

"Hakuja."

Akaangua kilio. Kumbe pamoja na woga wote ule, alikuwa akimngoja.

Mama mdogo alimpakata mpaka akatulia, kisha akanitazama. "Kukosea kipimo kungemtokea yeyote. Ungesema siku ileile, yote kumi na mawili yangepona. Na huyu asingemwogopa mama yake mwenyewe. Ukikosea, mwanangu, sema mapema."