Dege la Watson Uani kwa Wakwe

"Chagua moja, Watson. Mimi au hilo dege."

Sekela hakupaza sauti, na ukiona Sekela hapazi sauti ujue kazi ipo. Walikuwa wamesimama uani kwa wazazi wake, Hasamba. Upande mmoja chanja za kahawa, upande wa pili dege kuukuu lenye tumbo kama boti, mabawa yamefunguliwa na kulazwa kwenye nyasi.

"Mpenzi, kwani limekukosea nini?"

"Ulisema kwako halienei, limekaa hapa kwetu tangu mvua za mwaka jana! Kila nikitaja harusi, ooh, subiri nimalize injini. Mimi ni mchumba wako au mchumba wa injini?"

"Siyo hivyo, Sekela."

"Wenzako wanajenga msingi, wewe unapaka rangi mabawa. Lina faida gani? Niambie leo."

Nyie, mwanaume mwenye akili zake angesema tu, tutaliuza. Watson ni wakala wa mizigo pale mpakani Tunduma, kutwa anabembeleza madereva wa malori, maneno hayampi shida. Lakini akiulizwa habari za dege lile, akili inahama.

"Faida ya kukutajia sina. Nililikuta upande wa Zambia, kuku wanatagia ndani. Nikakaa kwenye kiti cha rubani nikashindwa kushuka. Sekela, gari lina barabara yake, mtumbwi una maji yake. Hili linatua ziwani, linapanda nchi kavu kwa magurudumu yake, linaruka tena. Limetengenezwa babu yangu hajaoa, na ukilifuta bado linang'aa. Nikiwa humo nasahau foleni ya malori. Najiona bado sijafika mwisho."

"Na ukiwa na mimi unajiona umefika mwisho?"

Jamani! Sekela akaingia ndani, akabamiza mlango.

Usiku ule meseji ikaingia kwenye simu ya Sekela.

"Nimekuchagua wewe. Mnunuzi wa vyuma chakavu nakuja naye kesho jioni, atalikata aondoke nalo. Nakupenda."

Sekela akaandika "Asante." Akaifuta. Akaandika tena, akatuma. Ajabu ni kwamba hakufurahi, akalala analia na sababu haijui.

Sasa kabla sijaendelea, muelewe jambo moja. Kwa ukoo wa kina Sekela, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni mpaka mkwe alete zawadi ya kufungua uso. Watson akifika, mama yake Sekela, Mama Gwantwa, anajifungia jikoni. Tangu uchumba uanze hajamwona hata kisogo.

Kesho yake Sadoki, mnunuzi wa vyuma, akasema jioni ana safari ya Mlowo. Wakafika mchana. Baba yake Sekela alikuwa amepeleka kahawa sokoni, na mama, kwa alivyojua Sekela, yuko shambani.

Sadoki akavaa miwani, akawasha grenda.

"Nianzie wapi, bosi?"

Watson akaangalia pembeni. "Anzia mkiani."

"Mkithubutu!"

Sauti ilitoka ndani ya dege. Sadoki akatupa grenda, huyo, mpaka barabarani.

"Mama?" Sekela akashika kichwa. "Unafanya nini humo?"

"Nachambua maharage."

Watson kusikia hivyo akavuta jaketi, akajifunika uso mzima, akageukia chanja za kahawa kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Sekela, mwambie mama shikamoo."

"Mwambie marahaba," mama akajibu kutoka ndani. "Halafu mwambie ni mjinga."

"Watson, mama anasema..."

"Nimesikia."

"Mama, kwani unaingiaga humo?"

"Kila siku kazi zikiisha. Mwanangu, tangu niolewe nikikaa jikoni naitwa, nikikaa sebuleni naitwa. Humu nikifunga mlango siitwi. Nashika usukani, natazama kile kilima cha mbele, naona kabisa nakipita. Mwenye dege sijui yeye anaona nini. Mimi naona hivyo."

Sekela akakaa chini kwenye nyasi, machozi yakamtoka.

"Sekela," Watson akaita, jaketi bado kichwani, "likikuumiza likatwe. Nimeshachagua, sirudi nyuma."

"Haliniumizi kuwepo! Linaniumiza kwa sababu hujawahi kuniambia ingia. Mwaka mzima ni 'usiguse, rangi mbichi.' Mama yangu kaingia kwa kuiba, mimi mchumba wako nimebaki nje nashika tochi!"

Watson akasema taratibu, "Nisamehe, mpenzi. Nilitaka uingie likishapendeza."

"Mimi ulinipenda nimeshapendeza? Ulinikuta natoka kuchuma kahawa, nimejaa matope!"

Ndani ya dege mama akacheka. Sekela naye akashindwa kujizuia. Akapanda, akakaa kiti cha pili, akashika usukani kwanza kwa kidole kimoja, kisha kwa mikono miwili.

"Mwambie Watson," mama akasema, "dege haliuzwi. Na zawadi ya kufungua uso sitaki kitenge wala mbuzi. Nataka nikae hapa hapa, dege likiwa juu ya maji."

Harusi ikafungwa, kwaya ikaimba, mama mkwe akakaa nyuma ya nguzo kanisani, kajitanda khanga mpaka puani. Mvua zilipoisha lori likashusha dege Ziwa Rukwa, upande wa Mbangala. Mabawa yamerudi. Injini bado, msinicheke. Vijana wakalisukuma majini likiwa limefungwa kamba, watu wakisubiri kuona linavyozama.

Halikuzama. Likaelea, likayumba kidogo, likatulia.

Viti vya mbele ni viwili, kimoja cha Sekela, kingine cha mama. Watson mwenye mali alikalia gunia nyuma, uso kauinamisha.

Mama Gwantwa akashusha khanga taratibu, akageuka, akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ndiye wewe! Mbona una masikio makubwa hivi?"

"Shikamoo, mama," Watson akasema, machozi yanamlengalenga.

"Marahaba, mwanangu."

Sekela akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaukuta mkono wa mumewe, akaushika.

"Umefika mwisho?" akamuuliza.

"Bado sana," akajibu.