Harusi Mbili, Ukumbi Mmoja

Kiti cha kwanza kilipaa juu ya keki kikamwangukia bwana harusi. Ukumbi ukalipuka. Harusi mbili zilikuwa zimefika pamoja, kila moja na bibi harusi wake, kila moja ikiapa ndiyo iliyoweka nafasi. Sasa zilirushiana chupa na makonde.

Mpambaji wa ukumbi, binti wa mwenye ukumbi huo, gauni lake la zambarau limechanika begani, alivutwa chini ya meza na mgeni mwalikwa asiyemjua.

"Inama, mrembo! Utatobolewa jicho."

"Nani kakuruhusu kunishika?"

"Basi toka, ukachague chupa yako."

Akacheka bila kutaka. Kuanzia hapo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Muongo mkubwa! Hivi unafanya kazi gani?"

"Natengeneza tovuti. Hata ya ukumbi wenu. Mama yako aliniagiza kwa simu."

Mama mwenyewe alikuwa chumba cha pili, mkono aliovunjiwa kwenye vurugu zile umefungwa plasta.

"Kumbe wewe ndiye uliyewapa watu wawili siku moja!" Akakata.

Kaka yake alikuwa akisikiliza. Alimvizia fundi huyo wa tovuti mlangoni kwake na bomba la chuma, akamng'oa meno mawili, akamvunja mbavu, akamwacha akitema damu kizingitini.

Dada mtu aliposikia alifungua tovuti ile kwenye simu yake aone kosa lilitokeaje, akaandika tarehe ya harusi zile, 4/5. Ikasoma tarehe nne, mwezi wa tano. Akajaribu kwenye simu ya mama, yenye kivinjari kingine cha kufungulia tovuti: tarehe tano, mwezi wa nne! Alimzaba kaka yake kofi lililosikika barabarani, akakimbilia hospitali.

"Mbona simu mbili zinasoma tofauti?"

Fundi alijibu kwa taabu, midomo imevimba. "Kanuni niliyoiandika kwenye tovuti haikusema wazi kinachoanza ni siku au mwezi. Kila kivinjari kikajiamulia. Harusi moja ikaandikwa siku isiyo yake, mfumo haukuona mgongano. Nami sikujaribu kwenye vyote. Hilo kosa langu."

"Na mimi sikukuuliza. Nisamehe, mpenzi wangu."

Fundi akamshika kiganja. "Nataka kukuoa."

"Kuniona? Si niko hapa, unaniona!"

Akatikisa kichwa, akashika mbavu kwa maumivu, akarudia polepole mpaka damu ikachuruzika mdomoni.

"Ku-ku-oa."

Akamfuta damu kwa ncha ya mtandio wake. "Nimekusikia tangu mwanzo," akasema. "Nilitaka tu useme tena."